Bahasha Isiyo na Jina

Mama alishona foronya kiwandani, mjini Łódź,
miaka ishirini na saba, na kila tarehe kumi
akirudi na mshahara hakuvua koti
mpaka ameketi mezani pale jikoni,
amelamba kidole gumba, amehesabu.

Bahasha zilikuwa sita, za kahawia,
zilezile za hati za malipo;
alizigeuza, ndani ikawa nje,
akazigundisha upya kwa uji wa ngano.
Kodi. Umeme. Makaa ya mawe.
Chakula, iliyonenepa Jumatatu
ikakonda kama mbwa wa jirani ifikapo Ijumaa.
Mazishi: "Nisije nikawa deni la mtu nami ni maiti."
Ya sita haikuwa na jina.

Sheria ilikuwa moja: chukua,
ila uache kikaratasi.
Jina, kiasi, sababu, siku.
Baba, Zbyszek, fundi wa reli za tramu,
aliandika: "Nne. Sigara. Nisamehe."
Kikarudi kwake na wino mwekundu:
"Msamaha hauandikwi hapa. Andika utalipa lini."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka tisa.
Nilipokuwa mtu mzima nilicheka zaidi.
Nikapata kadi tatu zinazometa kama magamba,
na simu inayokukopesha usiku wa manane
kabla hujamaliza mwayo.
Nikanunua viatu vya mbio, mimi nisiyekimbia,
na televisheni iliyoushinda ukuta upana.
Mshahara ulipobisha hodi
ulikuta wadai wameshaketi sebuleni,
wamevua viatu, wanaulizia chai.
Ungeniuliza pesa imekwenda wapi
ningekutazama kama mtu aliyeulizwa
upepo wa jana umelala kwa nani.

Alifariki Februari. Bahasha ya Mazishi
ilitosha jeneza, padri, na supu ya waombolezaji,
ikabakiza zloti kumi na moja.
Hizo kumi na moja hazijaacha kunitazama.

Siku ya nne nikafungua ile isiyo na jina.
Nakiri: mkono ulitetemeka, na si kwa majonzi.
Nilitaraji noti.

Vilikuwa vikaratasi, vimebanwa kwa pini ya ushonaji.
"Mimi, Genowefa. Mbili na nusu. Machungwa, Krismasi."
Mstari juu yake. Imelipwa.
"Mimi. Sita. Soli."
Imelipwa.
"Mimi. Tatu. Chai na keki kituoni, peke yangu, bila sababu."
Imelipwa; huu mstari ulikazwa mpaka karatasi ikatoboka.
Alijikopa mwenyewe, akajidai mwenyewe,
wala hakujipunguzia hata groshi.

Kimoja tu hakikuchorwa.
"Mimi. Arobaini. Viatu vya barafuni vya Mirek.
Atalipa siku atakayojua kuhesabu."

Nikakumbuka lile bwawa lililoganda nyuma ya karakana ya tramu,
mimi nikianguka na kuinuka,
yeye ukingoni na soli zake za gundi,
akikanyagakanyaga kwa baridi.

Kadi mbili nilizikata kwa mkasi wake wa vitambaa
(angenigombeza, mkasi ule haukati plastiki).
Ya tatu nimeizamisha kwenye bakuli la maji,
bakuli nimelitia friza.
Najijua. Barafu inipe nusu saa ya kufikiri.

Sikuweza bahasha sita. Nilianza na moja.
Mwezi wa kwanza nikatia kumi, wa pili kumi,
wa tatu nikaiba tano, nikaandika nimeiba tano.
Mwezi wa sita nilichora mstari
juu ya vile viatu vya barafuni.
Ulipinda. Sikuuchora upya.

Leo ni tarehe kumi. Nimehesabu na koti mwilini,
na kabla sijatoka nimeacha hiki mezani:
"Mimi, Mirek. Kumi na nne. Chai na keki kituoni.
Bila sababu.
Nitalipa Ijumaa."